Buti za pikipiki za kuhimili mvua: namba ipi, aina ipi, na mtumba nikague vipi?

Mwana wa Kipengere

Habari za jioni wanajukwaa.

Mimi ni afisa ugani, kituo changu kipo Makete. Kazi yangu ni ya pikipiki, kijiji kwa kijiji, na huku mvua ikifungua Novemba inaweza kutusindikiza mpaka Mei. Wanaoijua Kitulo wanaelewa kuwa shida yetu siyo maji peke yake, ni maji na baridi vikikutana. Vidole vya miguu vikishalowa asubuhi huvisikii tena, unabadili gia kwa kukisia.

Mpaka sasa navaa gambuti. Maji haziingizi, hilo sina ugomvi nalo. Ila zinapwaya, ndani ni jasho tupu, na juzi juzi ya kulia imegusa ekzosi ikayeyuka ubavuni. Nimezichoka.

Sasa kuna kijana pale Njombe mjini anauza buti za pikipiki za mtumba. Ngozi nyeusi, ndefu hadi katikati ya muundi, zipu pembeni, na ndani zina lebo ya utando wa kuzuia maji. Namba 44. Mimi raba navaa 43. Anasema, "Afisa, vaa soksi mbili maisha yaendelee." Bei ameanzia laki na ishirini, najua atashuka.

Wenye uzoefu nisaidieni. Namba moja zaidi ni tatizo? Na nitajuaje kama huo utando bado mzima kabla sijatoa hela?

Nawasilisha.

Kijiwe cha Tegeta

Uzi bila picha ni batili, mkuu.

Mimi boda wa Dar, yeboyebo zinanitosha. Mvua ikija zinalowa, jua likitoka zimekauka, hakuna stresi. Zamani masika tulikuwa tunajifunga mifuko ya rambo miguuni na mambo yanaisha, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 mbinu hiyo ikafa kifo cha kawaida.

Dada wa Zamu

Kijiwe, kaka yangu, naomba usimpeleke huko mwenzako.

Niko wodi ya mifupa. Wanaoletwa na ajali za pikipiki, miguu ndiyo inayoongoza kuumia. Kifundo kimepinda, kisigino kimesagwa na lami, vidole vimebanwa chini ya chombo, na kuungua ekzosi sehemu ya ndani ya mguu. Waliotoka nyumbani na ndala au yeboyebo huwa wanatufikia peku. Kiatu kilishatoka zamani, kabla hata mtu hajamaliza kuburuzika. Na gambuti ni hivyo hivyo, zinachomoka. Kwa hiyo hoja yako ya kuzichoka, kaka wa Makete, mimi naiunga mkono kwa sababu nyingine kabisa.

Mpanda Baridi

Mkuu Kipengere, nipo Uholanzi, naendesha mwaka mzima, na mvua ya huku hainyeshi, inaning'inia. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Watu wengi wanaanza na swali la maji. Mimi naanza na mguu. Buti isiyoingiza maji lakini inayopwaya utaiacha nyumbani baada ya wiki mbili, na siku ya ajali haitakuwa mguuni.

Achana kwanza na namba ya raba. Namba za Ulaya zinapanda kwa theluthi mbili za sentimita, kwa hiyo kutoka 43 kwenda 44 ni milimita 6.67 tu. Za Uingereza zinapanda kwa theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5. Halafu namba hiyo haipimi mguu wako, inapima kalibu ambayo kiatu kimeshonewa. 44 mara theluthi mbili ni sentimita 29.3. Toa sentimita moja na nusu hadi mbili za nafasi ya vidole, unabaki na mguu wa kama 27.3 hadi 27.8. Ndiyo maana mtu anavaa 43 ya kampuni hii na 45 ya kampuni ile na wote hawajamdanganya.

Pima hivi. Karatasi sakafuni, ukingo wake umegusa ukuta. Simama kisigino kikiwa ukutani, uzito wote kwenye mguu huo, mwenzako aweke alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (wengine ni cha pili, siyo gumba). Fanya jioni ukitoka kazini, maana mguu unavimba kutwa. Pima yote miwili na ufuate mkubwa. Pima na upana pale mguu unapotanuka, kwa sababu buti nyingi za Italia zimeshonwa nyembamba. Za Sidi kwa mfano, kampuni ya huko, wenye miguu mipana wanazilalamikia kila siku.

Ukizivaa, vaa na soksi ile ile utakayoendeshea, siyo mbili za kuzibia pengo. Soksi mbili zikibana sana damu haipiti vizuri na baridi inazidi. Funga kila kitu, zipu, velkro, bizimu. Vidole vibaki na kama sentimita moja mbele, na visigonge ukiteremka ngazi. Kisigino kikinyanyuka kidogo kwenye buti mpya ngumu ni kawaida, kikielea ni kubwa.

Sasa kuna jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya: kaa juu ya pikipiki. Dukani kila mtu anasimama wima anajitazama. Barabarani goti limekunjwa na kifundo kimepinda, ngozi inajikunja pale juu ya vidole kila ukinyanyua gia. Kama ule mkunjo unakukata ukiwa umekaa dukani, Makete utakukata vizuri zaidi. Angalia pia unene wa pua ya buti. Pikipiki nyingi za huko nyumbani pedeli ya gia ina ncha mbili, ya vidole na ya kisigino, na nafasi katikati ni finyu. Buti nene za safari ndefu zinajaa pale kati, unakuta umepandisha gia bila kukusudia.

Mwisho mwambie kijana muuzaji akushike kisigino avute buti ikiwa imefungwa yote. Ikitoka kwake, itatoka na barabarani.

Kijiwe cha Tegeta

Hiyo ya mwisho nimeielewa. Ila nikimwambia muuza mtumba wa Karume anivute mguu atadhani nimekunywa.

Mzee wa Plagi

Vijana mnamsumbua afisa bure. Anunue sefti buti za migodini, zenye chuma mbele. Mpya, dukani, bei ya kawaida, zipo kila mkoa. Nimezivaa miaka na mikaka kwenye pikipiki.

Mpanda Baridi

Shikamoo mzee.

Sefti buti ni bora mara mia kuliko gambuti, hapo tuko pamoja. Lakini kazi yake ni nyingine. Kiwango chake, ISO 20345, kinataka ile kofia ya vidole ihimili pigo la joule 200 na mgandamizo wa kilonewton 15. Hiyo ni jiwe au chuma kudondoka kutoka juu. Pikipiki ikikulalia inabana mguu kutoka ubavuni, katikati ya soli, na inapiga kifundo. Pale sefti buti ya kawaida haina kitu. Tena ile pua yake ya chuma ni nene chini ya pedeli ya gia, na kamba zake zikiachwa zinaning'inia zinanasa kwenye pedeli au pa kukanyagia. Mtu anasimama kwenye taa, anataka kushusha mguu, mguu haushuki. Analala na pikipiki palepale mbele za watu.

Mzee wa Plagi

Marahaba. Kamba huwa nazichomeka ndani ya buti. Lakini la kifundo sikubishii, changu cha kushoto kinatabiri mvua kuliko Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Mpanda Baridi

Hahaha mzee pole.

Kipengere, nimesahau lebo. Buti ya pikipiki iliyopimwa Ulaya ina alama ndogo ya pikipiki na mpandaji, chini yake EN 13634. Kwenye toleo la 2017 chini yake kuna tarakimu nne, kila moja ni 1 au 2. Ya kwanza ni urefu wa buti, ya pili kuhimili kukwanguliwa na lami, ya tatu kuhimili kukatwa, ya nne ugumu wa soli ikibanwa kutoka pembeni (ndiyo ile pikipiki ikikulalia). 2 ni bora kuliko 1. Kando kunaweza kuwa na herufi. IPA maana yake kifundo kimewekewa kinga ya pigo, IPS ni muundi, na WR ndiyo unayoitafuta wewe, kuzuia maji. WR ni ya hiari, mtengenezaji anaweza asiipime hata kama ndani ameweka utando. Na buti ya mtumba ilipata WR ikiwa mpya. Leo ni habari nyingine, hapo ndipo namwachia fundi.

Fundi Kisigino

Nimeitwa nimeitika. Nashona viatu Moshi, karibu na Memorial, buti za Ulaya zinapita mkononi mwangu kila wiki. Nawaambia yanayoua buti za mtumba, na wala siyo maji.

Ni soli. Buti nyingi nzuri zina safu ya kati ya poliyurethani, ile laini inayofanya usichoke. Malighafi hiyo ina ugonjwa wake: unyevu wa hewani unaikata polepole kwa ndani hata kama kiatu hakivaliwi, na joto linaharakisha. Kwa hiyo buti iliyokaa miaka kwenye sanduku huko Ulaya, ikasafiri kwenye kontena, ikakaa bohari ya Dar, inaweza kuwa inang'aa juu kama mpya na soli imeshakufa. Mteja anatoka nayo kwangu anashukuru, wiki ya pili anarudi na soli mkononi. Siyo gundi iliyoachia. Soli yenyewe inamegeka vipande ukiigusa, na hapo hakuna cha kugundisha, mpaka uweke soli nyingine nzima.

Kagua hivi. Shika pua na kisigino, kunja buti kwa nguvu, sikiliza na tazama ubavu wa soli. Mipasuko midogo midogo ya nywele ni mwisho. Bonyeza kwa ukucha ile safu ya kati: nzima inarudi, iliyokufa inabaki na shimo au inanata kidogo. Muuzaji akikataa usikunje, mwache na mali yake. Soli ya mpira mtupu iliyoshonwa kwa uzi kuzunguka ukingo ni salama zaidi, na hiyo hata ikiisha naweza kukuwekea nyingine.

Sasa maji. Fungua zipu yote. Nyuma ya zipu lazima kuwe na kipande cha ngozi au kitambaa kilichoshonwa pande zote mbili, kinachokunjika. Hicho ndicho kinachozuia maji, zipu yenyewe haizuii. Ulimi nao uwe umeunganishwa pembeni mpaka juu. Maji yakifika mahali ambapo kipande hicho kinaishia, yanaingia, hata kama lebo imeandikwa kwa dhahabu.

Ingiza mkono ndani mpaka kwenye vidole. Pitisha vidole vyako polepole kwenye bitana pale kwenye mkunjo na pale kisiginoni. Bitana ikiwa imetoboka kisiginoni, utando wa nyuma yake nao una wasiwasi mkubwa.

Halafu beseni. Jaza gazeti kavu ndani ya buti, lifike mpaka puani. Weka buti kwenye beseni la maji yafike juu ya kifundo, yasivuke pale kipande cha zipu kinapoishia. Tia jiwe ndani isielee. Nenda kanywe chai, kaa hata saa nzima, na katikati uje uikunje kunje ikiwa majini, maana tundu la mkunjoni linafunga buti ikinyooka. Toa gazeti uone limelowa wapi. Usimwage maji ndani ya buti kujaribu kama yatatoka, utalowesha bitana na hutajua kitu.

Muuzaji mwaminifu atakubali beseni. Asiyekubali keshajua jibu.

Binti wa Mlalo

Fundi Mungu akubariki, hii naihifadhi.

Nduthi ya Ngong

Habari zenu majirani. Mimi niko upande wa Nairobi, nduthi (ndiyo pikipiki kwetu) ni ya kazi na ya raha pia, wikendi tunashuka Magadi.

Nakubali yote ya fundi, lakini mniruhusu kumwaga maji kidogo kwenye huu utando wenyewe. Watu wanauabudu. Gore-Tex, mzazi wa hizi tando zote, ilianza 1969 Bob Gore alipovuta PTFE ghafla ikatanuka badala ya kukatika. PTFE ni ile ile ya sufuria zisizoshika chakula. Ikivutwa inapata matundu madogo sana, wenyewe wanasema tundu moja ni dogo mara 20,000 kuliko tone la maji, lakini mvuke wa jasho unapita. Kampuni nyingine zina za kwao: Alpinestars wana Drystar, TCX wana T-Dry, Forma wana Drytex. Sawa.

Lakini ule mvuke hausukumwi na mota. Unatoka kwa sababu ndani ni joto na unyevu, nje ni baridi na pakavu zaidi. Ukiwa Makete asubuhi, tofauti hiyo ipo, utando unafanya kazi. Ukiwa Mombasa au Dar mwezi wa nne, nje ni joto na unyevu sawa na ndani, jasho linabaki palepale. Halafu mtu anavua buti, soksi imelowa, anaanza kutukana kampuni kwamba buti imevuja. Haijavuja. Ukitaka kujua, tazama soksi: jasho linalowesha nyayo yote na katikati ya vidole, tena ni vuguvugu. Uvujaji unaanzia mahali pamoja, mkunjoni au kwenye mshono, na ni baridi.

Jambo la pili ni ngozi ya nje. Kwenye buti nyingi utando uko ndani, kati ya ngozi na bitana. Ngozi ikinywa maji ikashiba, ndani unabaki mkavu lakini mguu unapoa na jasho halipiti tena. Buti inakuwa nzito. Kwa hiyo ngozi lazima itunzwe hata kama utando upo.

Na la tatu, mito. Hapa ndio sababu kubwa mimi sina buti za utando kwa safari za porini. Maji yakivuka ukingo wa juu yakaingia ndani, buti isiyopitisha maji ni ndoo. Haiyaachii. Utatembea nayo kutwa inachapa chapa, na itachukua siku kadhaa kukauka. Mimi navaa buti ya ngozi ya kawaida isiyo na utando, ndani soksi zisizopitisha maji, zile nene zenye safu tatu, Sealskinz na wenzao. Buti ikilowa ilowe, soksi ndiyo inayolinda. Jioni nageuza soksi, naning'iniza, kesho iko sawa.

Mpanda Baridi

Nduthi hapo kwenye mito uko sahihi kabisa, na hata mashabiki wa utando wanajua. Ila soksi hizo ni nene, kwa hiyo buti lazima inunuliwe ukiwa umezivaa. Huwezi kuwa na buti inayokutosha barabara halafu ukachomeka soksi ya safu tatu. Tunarudi palepale kwenye kukaa mguuni.

Kijiwe cha Tegeta

Kumbe mimi na yeboyebo zangu niko kisayansi. Dar utando haufanyi kazi, amesema mwenyewe.

Dada wa Zamu

Kijiwe amesema buti ya ngozi. BUTI.

Mwana wa Kipengere

Wakuu, shukrani nyingi. Nimeleta mrejesho.

Kwanza nimepima mguu jioni ukutani kama Mpanda Baridi alivyoelekeza. Kulia 27.1, kushoto 27.6. Kumbe ile 44 ni namba yangu halali na raba za 43 ndizo zinazonibana, ndiyo maana kucha ya kushoto hainipi raha. Kijana alikuwa sahihi bila kujua.

Jumamosi nikashuka Njombe. Buti nimezivaa na soksi moja nene ya sufi, zimekaa vizuri mno, nafasi mbele ipo, kisigino kimetulia. Nikakaa kwenye pikipiki, gia naipata bila shida. Kijana kavuta kisigino mpaka akaegemea nyuma, haikutoka. Kunja soli, nzima, ukucha unarudi. Lebo ya EN 13634 ipo, tarakimu 2 2 2 2, pembeni IPA. WR hakuna, lakini lebo ya utando ipo.

Beseni ndiyo iliyotibua. Kijana hakukataa, aliomba kwa mama lishe jirani, tukatia buti zote mbili na magazeti. Tukala chapati. Ya kulia gazeti lilitoka kavu kabisa, lingeweza kusomwa. Ya kushoto gazeti limelowa kipande kidogo kwenye mkunjo upande wa kidole kidogo. Nikaingiza mkono, nikasikia bitana imelegea pale pale. Kijana mwenyewe akasikitika, bei ikashuka mpaka elfu sitini bila mimi kufungua mdomo.

Sasa niko njia panda. Kila kitu kipo sawa isipokuwa tundu moja. Fundi, linazibika? Au nichukue hivyo hivyo nifuate njia ya Nduthi ya soksi?

Fundi Kisigino

Tundu la utando kwenye mkunjo halizibiki kwa uhakika. Ili nilifikie lazima nifumue bitana, na kila shimo la sindano ninaloliweka ni tundu jipya. Kiwandani mishono ya utando inazibwa kwa mkanda maalumu wa moto, mimi hapa sina na wenzangu wengi hawana. Wengine watakumiminia gundi ya silikoni kwa ndani. Inashika kwa muda, halafu pale pale panapojikunja maelfu ya mara kwa siku inabanduka, na kabla ya kubanduka inakuwa donge linalokusugua.

Kwa elfu sitini, buti ya 2 2 2 2 yenye kinga ya kifundo na soli hai, chukua. Ihesabu kuwa ya ngozi ya kawaida. Ngozi uitunze: osha tope kwa maji na brashi laini, ikauke kivulini, kisha nta ya viatu, sisitiza kwenye mishono yote na pale soli inapokutana na ngozi. Buti ya ngozi nzito yenye nta inakupa muda mrefu tu kwenye mvua ya kawaida kabla maji hayajaliona lile tundu.

Usiikaushe kando ya jiko la mkaa. Watu wa baridi mna tabia hiyo. Ngozi inakakamaa inapasuka, na gundi ya soli inalainika. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, badilisha yakilowa, acha usiku kucha mbali na moto. Na usioshe kwa petroli hata ikichafuka oili, petroli inayeyusha gundi.

Nduthi ya Ngong

Chukua bro. Lakini usinunue soksi kabla ya suruali ya mvua. Wengi wanaosema buti zao zimevuja, maji yaliingilia juu. Suruali imechomekwa ndani ya buti, maji yanateremka na paja, goti, muundi, moja kwa moja mpaka kwenye vidole. Suruali ya mvua ipite NJE ya buti, ifike kwenye kifundo ukiwa UMEKAA, kwa sababu ukikaa inapanda kama kiganja kizima. Na iwe na kifungo au velkro chini isipepee karibu na cheni.

Mzee wa Plagi

Hapo kwenye kukaa. Suruali yangu ya mvua nikisimama inaburuza, nikikaa inafika muundi. Nilidhani ni mimi ninarefuka.

Mpanda Baridi

Soksi, Kipengere: sufi au mchanganyiko wa sufi ndani, pamba iache. Pamba inanywa jasho na kulishikilia, na kwa baridi ya kwenu hiyo ni adhabu. Hata ndani ya soksi zisizopitisha maji vaa ya sufi nyembamba, maana nazo zina utando na jasho lipo. Kabla ya kununua hizo za safu tatu jaribu kuzivaa ndani ya hiyo 44. Ikigoma kufunga zipu vizuri, baki na nta na suruali ndefu.

Mwana wa Kipengere

Nimechukua, elfu hamsini na tano. Nta nimeipata, suruali ya mvua fundi cherehani anaiongeza chini. Soksi naagizia kwa mtu anayetoka Nairobi, nitazijaribu kwanza.

Binti wa Mlalo

Samahani mwenye uzi, naomba nidandie.

Mimi ni mhudumu wa afya huku Lushoto, naendesha pikipiki ya ofisi, milima na utelezi mnaijua. Mguu wangu ni sentimita 24, namba 38. Mtumba wa pikipiki wa namba hiyo haupatikani kirahisi, na nikipata, urefu unanitosha lakini mashavu ya miguu yanakataa, zipu inaishia katikati. Kuna fundi hapa anasema atapasua nyuma aweke lastiki pana. Nzuri hizo buti, zina utando, nimezijaribu kwenye beseni na ni kavu kabisa zote mbili. Nimruhusu?

Fundi Kisigino

Binti, asipasue. Nyuma ya muundi ndani yake kuna utando ule ule uliokupa gazeti kavu. Akiupasua na kupiga sindano mbili tatu za lastiki, maji yataingilia hapo.

Jambo moja la kuangalia kwanza. Buti nyingi zenye velkro juu ya zipu zina kipande cha nyuma ya zipu kipana kuliko unavyokiona, kimekunjwa ndani. Kivute nje kwa vidole. Pengine wa kwanza alikuwa na mguu mwembamba na hakikuwahi kunyooshwa. Kikinyooka unaweza kupata sentimita mbili.

Kisipotosha, tafuta buti fupi, zinazoishia juu kidogo ya kifundo. Kwa mashavu ya miguu hazina ugomvi, namba 38 zake zinapatikana zaidi kwa kuwa wanawake wa Ulaya wanazivaa mjini, na suruali ya mvua ndefu itafidia urefu uliopungua. Hakikisha tu ina IPA. Ukipoteza kinga ya muundi, ya kifundo usiipoteze.

Binti wa Mlalo

Nimevuta. Kipande kimetoka, kilikuwa kimekunjwa kweli, kina hata vumbi la zamani ndani. Zipu ya kulia imepanda mpaka juu. Ya kushoto imebakiza kama vidole viwili.

Fundi Kisigino

Ya kushoto paka nta ya mshumaa kwenye meno ya zipu, vaa soksi nyembamba, ifunge ukiwa umekaa na mguu umeunyoosha. Kaa nayo nyumbani jioni moja. Ngozi inaachia kidogo ikipata joto la mguu. Kama kesho yake bado inabaki wazi, zirudishe kwa aliyekuuzia.